Yuko, Lipo

Kwenye ramani ni mstari wa buluu uliokatika mara tatu.
Hapa Ole wanauita Kwa Binti Sanura,
na hakuna anayemkumbuka binti huyo
wala alichokifanya hata akapewa mto.

Saa moja na robo asubuhi. Maji magotini, yana baridi ya jana.
Nina fremu ya bomba la plastiki, nusu mita kwa nusu mita,
ndoo niliyoikata kitako nikaigandisha kioo,
na penseli, maana wino hulia ukiloa.
Sinani yuko ng'ambo, kashika ncha ya kamba.
Hatua kumi, tunalaza fremu, tunainama
kama watu waliodondosha hereni msibani:
kimya kimya, kwa haya.

Fremu ya kwanza, mchanga.
Ya pili, mchanga na kizibo cha soda.
Ya tano, lipo moja, tupu, limepasuka.
Ya sita mpaka ya kumi na moja sitaki kuzisimulia.

Sinani anaandika safu mbili. Sikumfundisha mimi,
lugha ndiyo iliyomfundisha:
kombe akiwa hai, yuko;
akishaachama, mto ukamwosha ndani, lipo.
Mauti ni kuhama ngeli.

Bi Mize Shaame katuinukia kwenye tuta la mpunga,
matope mpaka viwikoni.
"Nyie wa Wizara, mwatafuta n'ni humo?"
"Kombe, bibi."
"La zafarani? La kunywa?" Akacheka peke yake.
"Mmechelewa. Dawa ya magugu imewatangulia,
na wale wa mchanga waja na fuso usiku,
wachota mto kama pishi la mtu aliyekufa hana warithi."
Akaondoka bila kuaga. Tukadhani tumemuudhi.

Fremu ya kumi na nne alirudi,
pindo la kanga limefungwa kifundo,
ndani ya kifundo kombe jeusi, zito, linang'aa tumboni.
"Hili la mamangu. Kalitoa hapo hapo uliposimama.
Siku hizo ukitia mguu wakukata."
Nikalipima: milimita themanini na mbili,
ukingo mmoja umelika, umenyooka kama rula,
kwa ukoko wa miaka sitini.
Fomu haina mahali pa jiko.
Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo: sufuria, shahidi.

Ya kumi na saba, chini ya mizizi ya mchikichi,
kupitia kioo, niliona mwanya
mwembamba kama mlango wa mtu anayesikiliza,
na kando ya mwanya, ushanga wa nyama, unapumua.
"Yuko," nikasema. Sauti ilinitoka ya kitoto.
Sinani akaachia kamba, ikaenda na maji.

Nikamtoa kwa vidole viwili. Akajifunga, tik.
Mistari mgongoni kumi na minne:
hapa masika ilinenepa, hapa kiangazi kilimbana,
na huu mmoja, uzi tu, mwaka mto ulipokatika.
Aliwahi kuwa punje, akajishika kwenye matamvua ya samaki,
akachukuliwa juu ya mto bila kuulizwa aendako,
akadondoka hapa, akawa mkaazi.

"Na huyo mmoja," Bi Mize akauliza, "atazaa na nani?"

Fomu inauliza joto la maji.
Nikaandika: nyuzi ishirini na sita na nusu.

Nikamsimika alivyokuwa, mwanya juu, mchanga mabegani,
nikangoja nimeinama mpaka kiuno kikaniuma.
Dakika saba, hajafungua.
Ya nane, kidogo.
Bi Mize hakuwepo kuona. Wali wake ulikuwa motoni,
na kombe lake amekwenda nalo.